Kuta Tano za Karatasi

Mkaguzi wa miradi alikutwa chini ya ukuta wa tatu, kalala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Jiwe lenye damu lilikuwa kando yake.

"Limemporomokea," dereva wake alisema. "Mimi nilimsubiri garini, afande. Sikusikia hata kilio."

Inspekta alichuchumaa. Ukuta ule ulikuwa mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya, kuzuia mlima wa hifadhi usishuke juu ya nyumba za bondeni. Waya haukuwa umekatika popote. Jiwe limechomoka wapi? Tena viatu vya marehemu vilikuwa na tope jekundu, na pale udongo ulikuwa mweusi tii.

Adhuhuri, daktari alimpigia simu. "Amepigwa, kisha akahamishwa. Visigino vimeburuzwa."

Ofisini kwa marehemu, bosi wake, mama wa makamo, alifunga mlango kwa ufunguo kabla ya kusema neno.

"Mkandarasi amelipwa kuta kumi na nne. Mkaguzi wangu, binti yule, alikwenda kuzipima moja moja. Tangu Jumatatu alikuwa anapigiwa simu za vitisho." Alishusha sauti. "Jana wamenipigia mimi."

Kesho yake asubuhi Inspekta alimwomba dereva ampeleke juu, hadi ukuta wa mwisho. Gari la mkaguzi lilikuwa limelala kituoni, na njia ile dereva ndiye aliyeijua. Ukungu ulikuwa mzito, upande wa kushoto korongo tupu.

Walipoupita ukuta wa tisa, Inspekta alifungua daftari la gari. Siku ya kifo, dereva aliandika kilomita kumi na mbili. Inspekta alikumbuka alichosoma kwenye mita ya safari za siku ile, kituoni kabla hawajaondoka. Ishirini na moja. Tisa zaidi: kwenda juu na kurudi.



"Mbona umenyamaza, afande?"

"Nasoma."

"Unasoma nini?"

Tope jekundu lilianza kurukia kioo. Dereva alilitazama, akalitazama daftari, akakata usukani ghafla. Gari lilisimama ukingoni, pua ikielekea korongoni, injini ikinguruma. Mguu wake ulikuwa juu ya breki.

"Ukuta wa kumi uko wapi?" Inspekta aliuliza taratibu.

"Haupo. Zimejengwa tisa. Tano zilizobaki ni za karatasi."

"Ukamuua kwa sababu ya mkandarasi?"

"Mkandarasi ananihusu nini? Fundi mkuu ni mdogo wangu. Sahihi yake iko kwenye kila ukuta. Mama alituacha yeye ana miaka minne, nikamlea mimi. Nilimwomba mkaguzi alifute jina lake. Akasema hawezi, akanipa mgongo, akaendelea kupiga picha. Jiwe lilikuwa karibu na mkono wangu." Alitazama korongo. "Sasa nikiinua mguu huu, hakuna wa kusema."

Mawe madogo yaliporomoka chini ya tairi. Hayakusikika yakitua.

"Nikifa, kesho atapanda askari mwingine," Inspekta alisema. "Na mdogo wako utamwachia nani?"

 Dereva alivuta breki ya mkono, akazima injini, akanyoosha mikono afungwe pingu. Inspekta alimfunga, akashuka, akakaa kwenye tope.

Saa nane mchana fundi mkuu aliletwa kituoni. Alikuwa kijana mwembamba, kucha zake zina saruji. Alipomwona kaka yake na pingu, alishika meza.

"Ni kweli, kaka?"

"Nilikuwa nakuokoa. Wangekufunga."

Fundi alitikisa kichwa. "Sahihi nilizitia kwa kumwogopa mkandarasi. Alisema atanifukia ndani ya msingi. Lakini kila nikitazama nyumba zile za bondeni, usingizi unanikimbia. Mimi ndiye niliyemwita mkaguzi, kaka. Aliniahidi ulinzi, nami nikamwahidi ushahidi."

 Dereva akauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilijua ungeniogopea."

Dereva aliinamisha kichwa mezani. Inspekta alitoka nje, akamwamuru koplo amkamate mkandarasi, na watu wa bondeni wahamishwe kabla jua halijazama.