Piki Nzito Aliyoiacha Onyiego

"Unatumia piki gani?"

Lorna aliusoma ujumbe huo mara tatu. Miezi minane hajasikia hata salamu kutoka kwa mwanamume huyu, na sasa neno lake la kwanza ni piki.

Lakini ni yeye aliyemchokoza. Alhamisi hiyo mchana, akiwa jikoni kwao karibu na Itumbe, uzi mwembamba kabisa wa gitaa ulikatika ukamchapa kidole. Akamwandikia mwenye gitaa: "Uzi wako umekatika. Nisamehe." Hakueleza anaomba msamaha wa nini hasa.

Ngoja niwaeleze mimi. Agosti iliyopita Onyiego, muuza mitumba wa Daraja Mbili na mpiga gitaa wa kanisa Katoliki, alifika kwao Lorna na mjomba wake, mzee Mokua, kujitambulisha. Baba yake Lorna, mzee Nyabuto, ni mzee wa kanisa la Wasabato, na kwake gitaa ni kitu cha baa. Soda zikafunguliwa. Lorna akaitwa sebuleni na kuulizwa swali ambalo kila msichana wa huku huulizwa: wageni hawa unawajua?

Akamtazama baba yake. Akatazama sakafu. Akanyamaza.

Kwetu ukinyamaza hapo, umejibu kwamba huwataki. Mzee Mokua alichukua kofia yake, wakaondoka, soda zikabaki nusu. Kwa aibu ile Onyiego alilisahau gitaa, alilotoka nalo kanisani, nyuma ya mlango, na piki yake, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, ikiwa imechomekwa hapo hapo kwenye nyuzi. Lorna alikuwa mjinga. Nasema hivyo, na yeye mwenyewe alijiambia hivyo kila siku.

Ndiyo maana alianza kujifunza. Baba akipeleka majani ya chai kupimwa, yeye anafungua video kwenye simu na kuparaza nyuzi. Piki ile nyeusi ilikuwa imelika upande mmoja, pale gumba la Onyiego lilipozoea kukaa. Lorna aliweka lake papo hapo. Siku nyingine hakupiga chochote, aliishika tu.

Sasa akaujibu ujumbe: "Natumia ile yako nyeusi."

"Hiyo ni nzito. Mimi nimepiga miaka kumi. Anayeanza anataka nyembamba, inayojikunja ikigusa uzi. Hiyo itakumalizia nyuzi zote."

Kisha simu ikalia. Sauti ilikuwa ile ile, na Lorna akalazimika kuketi.

"Unaishika namna gani?"

"Kwa gumba na kidole kinachofuata. Kwa nguvu, isianguke."

"Unaishika kama unachuma chai, Lorna. Jani unalivunja. Uzi hauvunjwi. Toa ncha kidogo tu, ulegeze mkono."

"Nikilegeza inaniponyoka."

Upande wa pili Onyiego alisikika akimrudishia mteja chenji.

"Nimekumisi," Lorna akasema. "Nimekumisi mbaya, Onyiego."

"Jumapili mnapokea wageni. Habari imefika mpaka huku sokoni. Mwalimu Cleophas wa Nyamira."

"Ndio."

"Watakuuliza."

"Najua."

"Safari hii jibu kitu. Hata kama jibu lenyewe si mimi."

Akakata simu.

Ijumaa asubuhi mzee Nyabuto alikuwa uani akikung'uta magunia ya chai. Lorna alisimama mbele yake.

"Tata, wale wageni wa Jumapili mimi siwajui."

"Cleophas humjui? Si mlisoma naye?"

"Namjua hivyo tu. Wale ninaowajua walikuja Agosti. Nilinyamaza kwa sababu nilikuogopa."

Mzee alilikunja gunia, akalikunjua, akalikunja tena.

"Gitaa silipendi," alisema mwishowe. "Hilo unalijua. Lakini siku ile nilikuuliza wewe, sikujiuliza mimi. Nilingoja, nikaona mtoto amekataa."

Lorna alianza kulia. Miezi minane, na kumbe mlango haukuwa umefungwa.

"Mwalimu nitampigia mimi," mzee akaendelea. "Wewe peleka gitaa la watu. Na uwaambie waje wamalize soda zao."

Kufika Daraja Mbili, Lorna alipita katikati ya ndizi na marundo ya nguo akiwa na gitaa mgongoni, wauzaji wakimtania awapigie moja. Hakucheka. Onyiego alikuwa akitundika mashati, amekonda kidogo. Mjomba wake alikuwa ameketi juu ya beli la mitumba. Mzee hakurudisha salamu. Alimgeukia mpwa wake.

"Onyiego, huyu msichana unamjua?"

Onyiego alinyamaza.

Hapo ndipo Lorna alipojua kimya kile kilivyouma Agosti. Alitaka kusema jambo, kuomba, kueleza habari za baba, lakini swali halikuwa lake. Akasimama tu na gitaa la watu, machozi yakimlengalenga.

Onyiego aliweka shati chini. Akatoa pochi, na ndani yake kipande kidogo cha plastiki nyeupe, chembamba, kilichokatwa kwa mkasi kutoka kifuniko cha siagi. Kingo zake zilikuwa zimesuguliwa zikawa laini.

"Nilikukatia hii Agosti," alimwambia. "Nilitaka nikupe siku ile, ukishajibu, nianze kukufundisha."

"Na umekaa nayo mpaka leo?"

"Ningempa nani?"

"Nimekuuliza swali," mzee Mokua akasema.

"Namjua, mjomba. Ni wangu."

Lorna aliwapa salamu za baba yake, hata ile ya soda, na mzee Mokua akauliza kama watafunguliwa nyingine au ni zile zile. Onyiego alikuwa tayari anafunga uzi mpya kwenye gitaa. Alipomaliza alimpa Lorna gitaa na ile piki nyeupe. Lorna aliishika kwa kulegeza, kama alivyoambiwa, na haikuanguka.