Deni la Baba, Jina la Odessa

Kila jioni, tarumbeta ilipolia katika kambi ya jeshi kuteremsha bendera, mtaa wote wa akina Verity ulisimama. Madereva walishuka garini, watoto waliacha mpira. Sajenti Rufus Tolliver ndiye aliyemfundisha bintiye Verity kusimama wima uani, mkono kifuani. Lakini tangu majira ya baridi, baba huyo huyo akiisikia tarumbeta hufunga madirisha na kuketi gizani. Nyumba ikawa kama ina msiba, ila aliyekufa hatajwi.

"Mama, baba anaumwa?"

"Kachoka tu. Kula kuku wako, asipoe."

Verity alijua zaidi ya hapo. Mara mbili, akiwa kwenye basi la shule, aliliona gari la baba kando ya ziwa saa za kazi. Baba alikuwa ndani na magwanda yake, akiongea peke yake. Verity aliogopa kusema, asije baba akatoweka kabisa.

Jumamosi dada yake, Odessa, akaja kutoka chuo kikuu, macho yamevimba. Alikuwa anasomeshwa kwa haki ya kulipiwa ada ambayo jeshi lilimpa baba, naye baba akamhamishia haki hiyo kwa ahadi ya kutumikia miaka minne zaidi.

"Baba, serikali inanidai mimi! Eti uliacha jeshi kabla ya muda, kwa hiyo nirudishe ada yote. Nimewaambia baba yangu yuko kazini."

"Wamekosea," baba alisema, akitazama sakafu. "Nitawapigia Jumatatu."

Verity aliona kwamba akinyamaza, dada yake atafukuzwa chuo.

"Baba, nilikuona ziwani," alisema. "Ulikuwa unaongea na nani?"

Odessa alimgeukia baba.

"Na Petrie," baba alijibu. Petrie alikuwa rafiki yake, aliyeuawa vitani ubavuni pake. "Kila nikifumba macho, yuko. Sikumwambia daktari, niliogopa kuitwa mwoga. Nikaomba tu kuacha kazi, nikawa navaa magwanda kila asubuhi ili msijue."

"Ukaniachia mimi deni!" Odessa alilia. "Sheria inatubana wote wawili, Baba!"

Mama alikuwa ameshachukua funguo za gari. "Rufus, inuka. Twende hospitali sasa hivi."

Wakili wa askari wastaafu aliwaeleza kwamba aliyeondolewa kwa ugonjwa hadaiwi, ila ugonjwa lazima uthibitishwe. Baba alitibiwa, rufaa ikakatwa ili iandikwe kwamba aliondoka kwa ugonjwa. Odessa aliosha vyombo mkahawani muhula mzima ili asiache masomo. Mwaka ulipokaribia kwisha, deni likafutwa. Petrie bado alimjia baba akifumba macho, lakini mara chache.

Siku hiyo baba aliwaita binti zake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Mimi niliyaficha, nusura yamwangamize Odessa. Mkiumwa, semeni mapema. Na wewe, Verity, ukimwona mtu anaumia, sema, hata kama ni baba yako."

"Niliogopa utaondoka, Baba."

"Nilikuwa nimeshaondoka, mwanangu. Wewe ndiye uliyeniita nikarudi."