Manemane ya Seremala

Zama zile mfalme wa Uyahudi alipoamuru watoto wa kiume wa Bethlehemu wauawe, wenye miaka miwili kurudi chini, njia ya Misri ilijaa watu wasiotazamana usoni. Zabdi, mkuu wa msafara wa ngamia waliobeba lami na chumvi, hakumwamini hata mmoja wao. Kiunoni alikuwa na jambia, na desturi yake ilikuwa moja: anayetaka kufuatana naye, mzigo wake hufunguliwa kisimani mbele ya wote.

Basi adhuhuri moja seremala wa Bethlehemu akafungua mzigo wake. Alikuwa na punda, na mke kijana aliyebeba mtoto aliyelala. Ikatoka patasi, ukatoka msumeno; chini yake dhahabu, uvumba, na kichupa cha manemane.

"Fundi," Zabdi akasema taratibu, "hizo ni meza ngapi?"

Watu wakacheka.

"Ni zawadi," seremala akajibu. "Mtoto alipozaliwa, walikuja wageni kutoka mashariki."

"Wanaitwaje?"

"Hawakutuambia."

"Na manemane je? Hii hupakwa maiti. Kwetu mtoto akizaliwa tunaleta mbuzi."

"Hata mimi nilishangaa, mzee wangu," mke akasema. "Lakini ningemrudishiaje mgeni zawadi yake?"

Zabdi akalipima jibu hilo. Mwizi angekuja na hadithi nzuri kuliko hiyo.

Hajaamua bado, vumbi likatimka nyuma yao. Askari sita wa mfalme, juu ya farasi. Seremala akashika shoka lake la kazi. Zabdi akamkanyaga mguu.

"Weka chini, utatumaliza sote. Mama, mvike sanda mwanao. Mpake hiyo manemane."

Sasa ikawa zamu ya mama kutomwamini Zabdi. Lakini vumbi lilikaribia, akaupasua mtandio wake, akamviringisha mtoto, akamwaga kichupa chote.

Askari wakafika. "Nani ana mtoto wa kiume hapa?"

"Alikuwapo mmoja," Zabdi akasema. "Homa imemchukua."

Mkubwa wao akainama, harufu ikampiga puani. Hata hivyo akanyoosha mkuki aifunue sanda. "Tutaona. Bethlehemu tumemaliza jana, nyumba kwa nyumba. Hakubaki hata mtoto mmoja."

Hapo mama akalia. Aliwataja watoto wa majirani kwa majina: Elidadi, Tirasi, na Yamini wa mwoka mikate, aliyeanza kutembea juzi tu. Ndani ya sanda mtoto akaguna, na kilio cha mamaye kikaufunika mguno. Zabdi alivijua vilio vya kuigiza. Hiki hakikuwamo. Askari naye akakijua, akashusha mkuki, wakageuza farasi.

Hadi mpakani Zabdi alitembea nyuma ya seremala na mkewe, mkono kwenye jambia. Wakiagana akawapa kiriba cha maji.

"Ile dhahabu, fundi. Niambie kweli."

"Nilikwisha kukwambia."

"Uliniambia, ndiyo," Zabdi akasema, akaenda zake.

Waliokuja kuandika habari hizi waliziandika zawadi zote tatu. Majina yale yaliyoliliwa kisimani hakuna aliyeyaandika.