Mpira Usio na Doa

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiduchu alipiga mipira kwenye uwanja wa gofu huku mama yake akikata nyasi kwa mashine. Jina hilo alipewa na marehemu baba yake, kwani fimbo yake ya kwanza ilimzidi kimo. Baba ndiye aliyemfundisha. Akiwa darasa la nne alitwaa kombe la watoto. Sasa alikuwa darasa la saba, na alikuwa amewatoa jasho watu wazima hadi kufika fainali ya wanawake wa ridhaa.

Ila tangu msiba wa baba yake, hakujisikia kitu. Hakulia mazikoni, wala hakufurahi aliposhinda. Alicheza kama mtoto aliyetumwa dukani, anakwenda na kurudi tu.

Fainalini alikutana na muuguzi mmoja, bingwa mtetezi. Walifika shimo la mwisho wakiwa sare. Mpira wa Kiduchu ukaingia kwenye nyasi ndefu. Akautafuta, akauona, akaupiga. Ukatua karibu kabisa na bendera, na watazamaji wakashangilia.

Aliweka alama pale mpira ulipotua, akauokota ili aufute tope. Haukuwa na doa jekundu alilotia kwenye mipira yake yote. Kumbe alikuwa amepiga mpira uliosahauliwa na mtu mwingine. Kwa sheria, kosa hilo lingempotezea shimo, na shimo lile ndilo lililobeba ubingwa.

"Vipi, mwanangu?" muuguzi aliuliza.

Hakuna aliyeona. Kiduchu alingoja aibu au hofu imwambie la kufanya. Hakuna iliyokuja.

"Huu si mpira wangu," alisema.

Mwamuzi akamsogelea. "Una hakika?"

"Ninayo. Yangu ina doa."

Kombe likaenda kwa muuguzi.

Jioni Kiduchu alimfuata mama yake bandani, akamkuta anafuta mashine.

"Umekasirika, mama?"

"Kombe nililitaka, nisikudanganye. Ulijisikiaje uliposema?"

"Sikujisikia kitu."

Mama akaacha kufuta. "Basi shika hili. Kusema ukweli moyo ukikusukuma ni rahisi. Wewe umeusema moyo ukiwa umekufa ganzi, na huo ndio uaminifu. Nilidhani baba yako ameondoka na wewe. Leo nimemwona mwanangu."

Kiduchu alitaka kujibu, lakini machozi yakamtangulia. Mama akamvuta kifuani, wakalia pamoja.