Sauti ya Glenys Ndani ya Kinanda

Kisa hiki niliwahi kukisimulia nikasema Glenys na Clive walikutana tena kwenye treni. Nilikosea, na Glenys mwenyewe alinisuta. Walikutana Leicester, kwenye ukumbi wa mnada wa santuri za zamani, Jumamosi ya mvua, watu wanakanyagana. Kila mmoja alinyoosha mkono kwenye boksi la bei ya kutupa, wakashika santuri ileile: ya bendi yao wenyewe, Pewter Heron.

"Iache hiyo," alisema Clive. "Mwimbaji wake alikuwa mkorofi."

"Na mpiga kinanda alikuwa na nywele," alijibu Glenys, akiutazama upara wake.

Wakacheka mpaka muuzaji akawakazia macho. Hakuwajua. Nani angewajua? Nyimbo zao ndefu kama safari ya Scotland zilipita bila mtu kugeuka. Siku hizi mpiga ngoma alifundisha udereva, mpiga besi alikuwa mchungaji, Clive akitunga muziki wa matangazo ya televisheni. Glenys alifundisha watoto kuogelea. Tangu apasuliwe koo hakuweza kuimba tena, hata wanafunzi aliwaita kwa filimbi.

"Niimbie kidogo," Clive alimchokoza walipoanza kupigiana simu usiku.

"Nitakupulizia filimbi, mpenzi."

"Puliza. Hata hiyo naipenda."

Glenys akalitoa kabatini gauni lake la mahameli la jukwaani. Siku moja akauliza, "Na zile kanda?"

Enzi zile za bendi, bafuni kwa mama yake, Clive alimrekodi noti moja moja, kila noti kwenye utepe wake, akazipanga ndani ya kinanda chake cha kuchezea kanda. Ukibonyeza, Glenys anaimba.

"Ziliungua ghalani, mpenzi. Nililia."

Akamwamini.

Jumapili moja Clive alikuwa jikoni kwake akikoroga mchuzi wa nyama, Glenys sebuleni, televisheni ikitangaza chakula cha paka. Nyuma ya paka mnene ikapanda kwaya ya wanawake. Glenys akaweka glasi chini. Kila noti ilikatika ghafla, kama utepe unapofika mwisho, na kwenye ile ya juu bomba la bafu lilidondosha tone.

"Clive, huyo ni mimi."

"Yupi?"

"Anayemwimbia paka."

Alitoka na mwiko mkononi. "Glen, walitaka kwaya haraka haraka..."

"Ulisema ziliungua."

"Ningekwambia zipo, ungezidai."

"Ndiyo. Ningezidai."

"Nimezitunza miaka yote hii. Nikikukumbuka nabonyeza moja tu, nakusikia."

"Mimi sijajisikia tangu nipasuliwe. Wewe umempa paka."

Akachukua koti lake la kijani, akatoka bila kula.

Clive alituma maua. Glenys akampigia simu.

"Maua peleka kaburini kwa mama yako. Kuja kwangu usije. Nataka kanda tu."

Alimsikia akipumua, redio ikiongea kwa mbali nyumbani kwake.

"Basi niazime. Nijisikilize mara moja, nikurudishie."

Redio ikazimwa.

"Hata noti moja, Clive. Chagua wewe. Nibonyezee, niko hapa kwenye simu."