Bahasha za Kahawia

Kila asubuhi kabla ya shule Nerys alikuwa na kazi tatu: kumwamsha mdogo wake Emlyn, kuandaa chai na mkate, na kuwahi mlangoni kabla mama hajashuka ngazi. Hiyo ya tatu hakutumwa na mtu. Barua zilipodondoka kutoka kwenye tundu la barua mlangoni, alichagua bahasha za kahawia, zile za serikali, akazificha chini ya godoro. Nyeupe alimwachia mama.

Mtaani kwao, hapa mjini Llanelli, bahasha ya kahawia iliogopwa kuliko mbwa mkali. Novemba iliyopita moja ilimliza mama, Delyth, mpaka akashindwa kwenda kazini kwenye nyumba ya wazee. Ilisema serikali ingemsaidia kodi ya vyumba viwili tu, kwa kuwa watoto wake walikuwa bado wadogo na walihesabiwa chumba kimoja. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Cha tatu mama alikilipia kwa kulala njaa. Siku hiyo Nerys aliapa kwamba mama hatalia tena.

Lakini mama alilia. Mwenye nyumba, Bwana Probert, alipandisha kodi, na deni la mama lilipokua akawapa notisi: walipe deni lote kufikia mwisho wa mwezi au wahame. Mama alihangaika wiki tatu kutafuta nyumba nyingine. Zote zilizidi kikomo cha msaada, na wenye nyumba wengine walikata simu waliposikia tu neno msaada. Jumatano alasiri akaanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Emlyn aliuliza watalala wapi. Mama akafunga boksi jingine.

Jirani yao, Bi Glenys, alikuja na sufuria ya supu. Akauliza halmashauri ya mji, wanaotoa ule msaada wa kodi, walikuwa wamesema nini.

"Kimya," mama alisema. "Nimeandika mara mbili, Bi Glenys. Hata kunijibu hawajanijibu. Nimechoka, sijui nifanye nini tena."

Nerys alitamani sakafu immeze. Akapanda ngazi, akarudi na bahasha tisa, akaziweka mezani.

"Nilizificha mimi, mama. Sikutaka ulie."

Bi Glenys akavaa miwani, akaanza kuzifungua moja moja. Ya sita akaisoma mara mbili.

"Nerys, ulitimiza miaka kumi lini?"

"Februari."

"Basi sikilizeni. Msichana akifika kumi hahesabiwi tena chumba kimoja na mdogo wake wa kiume, anahesabiwa chumba chake. Msaada unapanda. Wanataka cheti chako cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa, la sivyo wanafunga faili."

Kesho yake asubuhi mama na Nerys walikuwa wa kwanza kwenye foleni ya halmashauri. Karani alipokea cheti, akahesabu vyumba vitatu kuanzia Februari. Malimbikizo ya msaada wa miezi hiyo yalilipa deni, na Bwana Probert akafuta notisi yake, ingawa kwa kununa.

Walipokuwa wakirudi nyumbani Nerys aliomba radhi tena. Mama akasimama, akamshika mabega.

"Na mimi nilikosea, nilikufundisha kuziogopa hizo bahasha. Lakini sikia, mwanangu. Kulia naweza, na nikimaliza nanyamaza. Kujibu barua nisiyoiona ndiko nisikoweza. Tangu Februari, miezi mitatu, nimelala njaa bure, na msaada wenyewe ulikuwa unaulalia wewe."