Majina Aliyoyaandika Nusra

Kila asubuhi kabla ya shule, Nusra humsaidia mama yake, Bi Zamzam, kupasua samaki na kuwatia chumvi. Pale Faza samaki si haba. Kilichokosekana siku hizo ni barafu. Jua likipanda kabla hawajauzwa, wachuuzi walijitajia bei waliyotaka. Miaka sita wanawake wa kikundi chao cha wauza samaki waliomba chumba cha barafu, na kila mwanasiasa aliahidi akaenda zake. Mwaka wa saba ombi lao likaingia kwenye bajeti ya kaunti. Kilibaki kikao kimoja tu cha wananchi kutoa maoni.

Siku ya kikao ikaangukia msiba. Nusu ya mji ilikwenda kuzika Siyu, Bi Zamzam akiwamo. Darasani, mahali pa kikao, walikuja watu kumi na mmoja. Nusra, mwanafunzi wa gredi ya nane, alikuwa akipanga viti. Bwana Badawi, mwenyekiti wa kamati, akamwita.

"Nusra, una hati nzuri. Nijazie majina ya majirani na sahihi zao, yafike hamsini."

"Lakini hawapo, Bwana Badawi."

"Ni karatasi ya mahudhurio tu, mwanangu. Msiba ndio uliowazuia."

Pale kwao mtoto akitumwa na mkubwa hakatai. Na tuseme kweli, ile sifa ya hati ilimlewesha kidogo. Aliandika majina thelathini na tisa, la mama yake likiwamo.

Miezi ikapita. Siku za likizo, mafundi walianza kujenga, lakini si chumba cha barafu. Lilikuwa jukwaa la kukalia wageni wa sherehe! Wanawake wakaenda ofisi ya kaunti, Nusra akafuatana na mama yake. Bi Chelangat, afisa mgeni kutoka bara, alitoa faili.

"Kikao kilibadilisha mpango," alisema. "Watu hamsini mlikubali pesa zijenge jukwaa. Majina ni haya."

"Siku hiyo tulikuwa Siyu mazikoni," alisema Bi Zamzam. "Hebu nione."

Bi Zamzam hakusoma shule. Jina lake tu ndilo alilolijua, na Nusra ndiye aliyemfundisha. Alilitazama, akaitambua hati. Uso ukamshuka. Akaurudisha ukurasa mezani.

Bwana Badawi, ambaye naye aliitwa, alikohoa. "Mimi sikuandika jina la mtu."

Nusra angeweza kunyamaza. Alijua mama yake asingemtaja, na jambo hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Niliyeandika ni mimi," alisema. "Bwana Badawi alinituma, nami nikaandika."

Bwana Badawi aliinamisha kichwa. Bi Chelangat alivua miwani. "Nitaripoti kwamba kikao kile ni batili, na mwenyekiti atatafutwa mwingine. Lakini pesa zimeshatumika. Barafu ni bajeti ijayo, nanyi mje wenyewe."

"Mwaka mwingine?" aliuliza Shifaa, shoga yake Bi Zamzam katika kikundi. "Mimi sifiki." Mtaji ulikuwa umemwishia. Wiki ile aliuza mabeseni yake ya samaki, akaenda Malindi kufulia watu nguo. Nusra alimbebea mzigo hadi gatini, na njia nzima hakuweza kumtazama usoni.

Bajeti iliyofuata, watu walijaa kikaoni hadi nje, na kila mmoja akajiandikisha kwa mkono wake au kwa dole gumba. Chumba cha barafu kilijengwa. Siku kilipofunguliwa, Nusra alijificha nyuma ya ukuta akalia. Mama yake alimfuata.

"Bi Shifaa hayupo," alisema Nusra. "Ni kwa sababu yangu."

"Kosa si lako peke yako," alijibu Bi Zamzam, "lakini fungu lako lipo, sitakuficha. Sikiza, mwanangu. Nti hii twalilia viongozi wenye nia njema, na haki yetu kulia. Lakini uongo wa mkubwa hautembei bila mkono wa kuuandika. Mkubwa akikutuma kazi, nenda. Akikutuma uongo, mwambie hapana, kwa adabu. Hapo hujamvunjia heshima."

Alimfuta machozi kwa ncha ya leso, kisha akaongeza polepole:

"Uliponifundisha jina langu nilifurahi mno. Siku ile ofisini ndiyo mara ya kwanza kulisoma katika karatasi ya serikali, nikatamani ningekuwa sijui kusoma."